Mbuzi Waliobaki Kwetu

Miaka ile ya sitini tulikaa Kashebere, na dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Masisi. Alirudi nyumbani kwa miguu, amefukuzwa na mumewe kwa sababu hakuzaa. Baba alipandwa na hasira. Alitaka kurudisha mbuzi wa mahari mara moja, ili watu wa Masisi wasipate la kusema.

Mama alimzuia kwa hila, akiwataja mbuzi mmoja mmoja. Huyu ana mimba, huyu ananyonyesha, yule anachechemea. Mbuzi yule alitembea vizuri kuliko baba. Mama alijua desturi: mbuzi wakirudi ndoa imekufa, na mwanamke hana lake tena kule. Dada alikuwa ameacha shamba la maharagwe, alilolifyeka mwenyewe kwenye mteremko ambao wengine waliukimbia.

Kisha yule mume akafa. Tukaenda kwenye matanga, baba, dada na mimi. Ndugu za marehemu wakasema mwanamke aliyefukuzwa harithi. Mzee wa ukoo wao akauliza, "Mbuzi ilirudi?"

Baba akajibu kwamba wako kwake wote.

"Basi huyu iko muke wetu. Shamba njo yake, ni mali yake."

Baba akatabasamu utadhani ile hila ilikuwa yake. Lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Na sasa achague bwana kati ya wadogo wa marehemu."

Hakuna kwetu aliyelifikiria jambo hilo, hata mama na akili zake zote.

"Mimi naomba shamba tu, Papa," dada akamwambia mzee. "Bwana sitaki."

"Hivyo viwili vinaenda pamoja, mama." Mzee alisema kwa upole, na upole wake uliniudhi zaidi.

Dada akamgeukia baba. "Papa, rudisha mbuzi."

Baba aliahidi mbele ya wote kuwaleta. Shamba likaisha hapohapo. Namhurumia dada mpaka leo, maana alilipenda kama mtu.

Tulipoondoka, mke wa mmoja wa wale wadogo alitusindikiza hadi barabarani. Ndiye aliyekuwa akililima shamba lile tangu dada afukuzwe. Alimtengenezea dada kata kichwani, akamtwika kikapu cha maharagwe.

"Dada," akamwambia, "kama kwetu kwa baba kungebaki mbuzi ya kurudisha, leo tungeenda sisi wawili."