Mtaalamu wa Mimea Aliyejaliwa Uzee

Harufu ya ubani ndiyo inayonirudisha kwenye majira ya baridi ya mwaka aliofariki baba. Nyumba yetu ya Sparkhill, kule kwa Waingereza, ilijaa wanawake wa Kizanzibari, na kabla ya kisomo cha kumwombea picha zote zilishushwa ukutani, maana wazee walisema malaika wa rehema hawaingii penye picha. Watu walipoondoka, picha hazikurudi. Mama alikaa eda, hatoki, na mimi, mtoto wa miaka saba, nikabaki na hofu moja tu: kwamba nitaisahau sura ya baba. Asiyekuwepo machoni, wanasema, na moyoni hayupo.

Kila Jumamosi shangazi, dada yake baba, alinipeleka makumbusho ya mjini, kwa kuwa hakuna kiingilio na joto la humo halibaniwi kama la kwetu nyumbani. Chumba kimoja kilikuwa na picha tatu za mtaalamu wa mimea wa enzi za Malkia Viktoria. Katika ya kwanza ni kijana wa mashavu mekundu, ameshika jani la kangaga. Katika ya pili ndevu zimeanza kuingia mvi. Katika ya tatu ni mzee, mikono yenye makunyanzi juu ya bakora, na kangaga limestawi chunguni kando yake. Macho hayana pazia. Nilimkodolea mpaka mlinzi akanizoea. Siku moja nikamuuliza shangazi, kwa Kiingereza kama kawaida yetu watoto wa kule, picha ya baba ya uzeeni iko wapi. Shangazi alinivuta kifuani.

"Haipo, mwanangu. Kazi ya Mola haina makosa."

Nilimchukia yule Mzungu wa pichani kwa moyo wangu wote.

Eda ilipokwisha, nilimng'ang'ania mama mpaka akaja. Alisimama mbele ya ile picha ya pili, akanyosha kidole kwenye zile ndevu.

"Huyu mkewe alimwona na mvi," akasema.

Alilia pale pale, mbele za watu. Jioni ile akashusha sanduku lililokuwa juu ya kabati, akanipa picha moja: baba na ovaroli yake, anacheka nje ya karakana ya Tyseley alikokuwa akifanya kazi.

Siku hizi mvi ni zangu. Nikipita mjini huingia kumtazama yule mtaalamu. Chuki imekwisha, wivu bado. Na juzi mwanangu aliishika picha ya baba, akaitazama sana, akaniuliza kama huyo ni mdogo wangu.