Nyuki Waliofunga Duka la Pembejeo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kubana, na sketi hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Nilikuwa nimetoka chuoni, cheti changu kwenye bahasha, nikaripoti ofisi ya maliasili Njombe saa moja na nusu asubuhi huku meno yakigongana kwa baridi. Bwana Nyuki wa Wilaya, yaani afisa wa ufugaji nyuki, mtu mnene mwenye sauti ya mhubiri, aliisoma barua yangu, akaniangalia, akaisoma tena. Alikuwa anamtarajia mwanamume. Cheo chenyewe kiliandikwa Bwana Nyuki Msaidizi, na hakuna aliyejua mwanamke aitweje. Tangu siku hiyo hadi nastaafu watu wakaniita Mama Nyuki, hata kabla sijawa mama wa mtu yeyote.

Asubuhi hiyohiyo akanipeleka kwenye manzuki, yaani mahali mizinga inapowekwa pamoja, ndani ya shamba la miti ya miwati nje kidogo ya mji. Ofisi ilikuwa na kofia moja tu ya wavu. Akaivaa yeye, akanieleza kwamba vifaa hutolewa kwa kufuata cheo. Njiani alinipa somo la kwanza: nyuki hamuumi mtu asiye na haraka. Akanionyesha bomba la moshi, kile kikopo chenye mvukuto kinachopuliza moshi ili nyuki watulie, kisha akafungua mzinga kwa madaha. Alichosahau ni kuwasha moto ndani ya bomba.

Nyuki wakatoka. Bwana Nyuki wa Wilaya akatimua mbio kuelekea mtoni, kofia kichwani, na nyuki kadhaa wakiwa ndani ya kofia wanasafiri naye. Mimi na sketi yangu tusingeweza kuvuka hata mfereji. Nikasimama kama nguzo ya simu, nikafumba macho, nikaomba kwa Kiswahili na kwa Kibena ili nisiache mlango wowote. Niliumwa mara saba. Yeye, watu waliomng'oa miiba waliacha kuhesabu. Kesho yake aliniita ofisini, jicho moja limefunga kabisa.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Somo langu lilikuwa sahihi."

Simsemi kwa ubaya, kwa sababu ndiye aliyenifundisha jambo nililolitumia maisha yangu yote. Kwetu kuna baridi, na nyuki hawatoki ovyo. Unaweza kupita mbele ya mzinga wiki nzima usimwone hata mmoja, na ukiufungua ili uhakikishe, unawaua kwa baridi. Alisema, gonga, kisha nyamaza. Unagonga ubavuni kwa kidole, unaweka sikio. Wakiwapo watavuma kidogo halafu watatulia, kama mtu aliyesikia hodi usingizini akauliza nani, akageukia ukutani. Wasipovuma, umefiwa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mawengi, kule Ludewa. Kazi ilikuwa kuwaachisha wazee kurina asali kwa mwenge wa moto, maana walikuwa wanachoma kundi zima na kukamua masega pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Mzee mmoja alinijibu kwamba babu yake alitumia moto na nyuki hawakuisha. Na ilikuwa kweli. Siku zile ukibomoa mzinga leo, keshokutwa kundi jingine linahamia bila hata kupiga hodi. Sisi wataalamu tulidhani tunafundisha watu namna ya kupata asali. Haikutupitia akilini kwamba siku moja tutafundisha namna ya kupata nyuki.

Huko Mawengi ndiko nilikoolewa, na baada ya harusi shela langu likawa kofia yangu ya wavu, kwa kuwa ile ya ofisi iliendelea kufuata cheo. Mume wangu alilalamika kwamba shela linanuka moshi. Nikamwambia hata yeye ananuka tumbaku na sijamrudisha kwao.

Miaka ikaenda, misitu ikakatwa, na mimi nikahamishwa hapa na pale hadi kituo changu cha mwisho, Makambako. Mkuu wangu wa Idara alikuwa kijana mwenye suti, aliyependa neno mkakati kuliko chai. Wakati huo parachichi lilikuwa limeingia, kila mtu anapanda, na kila mtu ana pampu ya dawa mgongoni. Sasa vijana, ua la parachichi lina vituko vyake. Siku ya kwanza linafunguka likiwa jike, linajifunga, siku ya pili linafunguka likiwa dume. Asipopatikana wa kubeba chavua, ule unga wa manjano, kutoka ua hili kwenda lile, hao wawili hawaonani hadi wanakauka. Nyuki ndiye mshenga wao. Na watu walikuwa wanapiga dawa saa nne asubuhi, miti imechanua, mshenga yuko kazini.

Nilizunguka kata ya Kitandililo siku nne nikigonga mizinga. Nilikuta ukimya kwenye yote. Mizinga ya magogo, mizinga ya kisasa ya halmashauri, yote kimya, na chini yake nyuki wakavu wametapakaa kama makapi ya ulezi. Siku ya nne niliketi juu ya jiwe nikalia, mtu mzima mimi, nimebakiza miezi michache nistaafu. Kundi moja tu lilikuwa limesalia, nalo lilikuwa kwenye paa la kanisa.

Hao wa kanisani nao walikuwa wamejiharibia. Jumapili ya kipaimara mmoja wao alimuuma mwalimu wa kwaya mdomoni katikati ya ubeti wa pili, na kwaya nzima ikamfuata alikoelekea, yaani nje. Mzee Mgaya, mzee wa kanisa na pia mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi, akatangaza kwamba Jumamosi kikundi kitapiga dawa mashamba yote, na itakayobaki itapigwa kwenye paa. Nilimfuata kumsihi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kuwa zito, nami kwa bahati mbaya niliketi upande huo, kwa hiyo nilisihi mara mbili.

"Kamwene, mama, nimekusikia," akasema mwishowe, akianza na salamu ya Kibena. "Nyuki wanakula maua yangu. Nakupa mpaka Ijumaa uwahamishe hao ndugu zako."

Ijumaa alfajiri ndiyo saa nzuri ya kazi hiyo, kwa sababu ya baridi. Nyuki wanakuwa wamejikunyata wakimzunguka malkia, hawana nguvu hata ya kugomba. Nilipanda darini na shela langu, nikakata masega, nikamweka malkia na jamaa zake kwenye mzinga, nikaziba mlango kwa majani makavu. Mpango ulikuwa kuwapeleka Njombe, kwenye miwati ileile ya siku yangu ya kwanza. Nikamtanguliza Nahodha, dereva wa idara, na maelekezo mafupi: mzinga ukae nyuma ya pikapu, kwenye baridi, wasiamke. Mimi nikabaki kuziba tundu la paa ili nimfuate kwa bodaboda.

Nahodha ni mtu wa Lupingu, kule ziwani kwenye joto, na jina hilo alilipata kwenye maboti kabla hajaja kuendesha magari. Makambako alikaa miaka kumi na moja bila kuivua kofia ya sufu. Njiani ukungu ukashuka na manyunyu yakaanza. Akatazama nyuma, akauona ule mzinga unaloa, moyo ukamshinda. Akasimama, akauingiza ndani ya kabini, akaukalisha kwenye kiti cha abiria na kuufunga mkanda. Kisha akafungulia hita hadi mwisho. Alipofika mjini Makambako akaegesha mbele ya duka la pembejeo, akaenda kunywa chai mkabala, akiacha injini inaunguruma wageni wake wasipate baridi.

Nilipofika, joto lilikuwa limewaamsha nyuki wakasukuma majani nje ya mlango, na vioo vya gari vilikuwa vyeusi na vinatembea. Nahodha naye alikuwa ametoka kwenye chai ili kuwaangalia, mkono uko kwenye kitasa. Nilimpigia kelele asifungue, akafungua ili anisikie vizuri.

Barabara ilibaki tupu. Mama muuza ndizi, mafundi baiskeli na wateja wa duka waliingia kila penye mlango, na mmoja akaingia pasipo na mlango. Mimi nikasimama palepale. Sketi haikuwa ya kubana safari hii, lakini miguu ilikuwa inakumbuka. Kundi likazunguka juu yangu mara kadhaa, likaenda kutua na malkia wao juu ya mlango wa duka, likaning'inia kama kikapu, likifunika kabisa maandishi ya dawa za kuua wadudu.

Bwana Shaibu, mwenye duka, Mwislamu mtaratibu aliyekuja kutoka Kigoma, alitokea mlango wa jirani na kanzu yake imekunjwa hadi magotini.

"Dada yangu," akasema, "mimi nauza dawa ya wadudu, na wadudu wamenifungia duka. Hebu niambie nimshitaki nani."

Mkuu wa Idara akapiga simu, anataka nyuki waondolewe mara moja. Nilikuwa na bomba, mzinga na shela. Kazi ya nusu saa. Ndipo nikamwona Mzee Mgaya anakuja na vijana wa kikundi na madumu yao matupu, wamefuata dawa ya kesho. Dawa ya kikundi kizima ilikuwa imeagizwa humo dukani, nyuma ya ule mlango wake wa pekee. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ninaliungama leo kwa mara ya kwanza, pensheni ikiwa imeshapitishwa.

"Kitaalamu," nikasema, "nyuki waliosafiri hawaguswi siku sita."

Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Lakini ukitamka kitaalamu, watu hutikisa vichwa. Siku sita nilikaa mbele ya lile duka na kigoda changu. Bwana Shaibu aliniletea chai, na siku ya tatu akawaletea nyuki sahani ya maji ya sukari, akisema mgeni ni mgeni. Mzee Mgaya alikuja kila asubuhi kuulizia, na kila asubuhi nilimkalisha upande wa sikio lake zima nikamweleza habari za ua jike na ua dume. Siku ya sita nikamwekea dau. Mzinga uwekwe shambani kwake, na mti mmoja tuufunike nusu kwa shela langu, nyuki wasiingie. Maua yakianguka, nusu hiyo ikiwa na matunda sawa na nyingine, nitavaa pampu nipige dawa mwenyewe, shamba zima. Akacheka, akakubali, na jioni hiyo nikawashusha nyuki mlangoni nikawarudisha mzingani.

Niliporudi baada ya majuma kadhaa kufungua shela, alikuja na wajumbe wote, wamejiandaa kunicheka. Upande wa wazi vijiparachichi vilikuwa vimening'inia kila kitawi. Ndani ya shela vilikuwa viwili, tena vimekonda. Mzee Mgaya akazunguka mti mara tatu, akavua kofia.

"Mama," akasema, "kumbe tulikuwa tunawapiga dawa vibarua wetu."

Tangu hapo kikundi hakipigi dawa miti ikiwa na maua. Mkuu wa Idara aliandika kwenye taarifa kwamba huo ulikuwa mkakati shirikishi. Nahodha alipewa siku moja barua mbili, ya onyo kwa kutumia vibaya hita ya serikali na ya pongezi kwa kushiriki mkakati. Ameziweka zote kwenye fremu.

Nilistaafu mwaka juzi, nikarudi Njombe. Wananiuliza kama naikumbuka kazi, nami husema nakumbuka kelele zake. Mwezi uliopita Mzee Mgaya alinipigia simu, akasema yake na kukata bila kusikiliza jibu. Alikuwa amegonga mzinga, akagonga tena, na wamenyamaza. Nilipanda gari kutoka Njombe nikiwa sioni njia kwa hofu. Nikamkuta ameketi kando ya mzinga, kofia magotini, birika la chai pembeni halijaguswa, kama mtu aliye msibani. Nikagonga, nikaweka sikio. Wakavuma, wengi, wenye afya zao.

Masikio yake ndiyo yaliyokuwa yamekwisha, yote mawili sasa. Sikuwa na namna ya kumwambia kwa mdomo. Nikamshika mkono, nikauweka kiganja chake wazi juu ya mbao, nikagonga tena.

Kiganja hakikuondoka. Machozi yakaanza kumtoka.

"Wapo," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia. "Mama, wapo."

Nikaweka kiganja changu kando ya chake, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.