Taa ya Njano Kuelekea Kabanga

"Kwa hiyo breki zipo au hazipo?" Mama aliniuliza hivyo tukiwa gereji, Kibondo, na mimi, pamoja na shahada yangu, nikamgeuzia fundi swali hilo hilo.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono juu ya tumbo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alishatuonya: kwa huyu wa pili apelekwe hospitali ya Kabanga, huko Kasulu, kabla uchungu haujaanza. Ukianza, kovu la zamani linaweza kuachia. Tulikuwa ndiyo tunaondoka, taa ya njano ya breki za ABS ikawaka kwenye dashibodi ya gari letu kuukuu, ikakataa kuzima. Magari ya kukodi niliyoyajua yalikuwa yamepeleka watu msibani Nyabibuye.

Fundi alichomeka kifaa cha kupimia, akasoma kwenye simu. "Mbele kushoto. Sensa ya gurudumu imekufa."

"Umejuaje?" niliuliza.

"Kifaa kimesema."

"Kifaa kimesema hakipati taarifa kutoka upande huo. Hakijasema nani kafa. Hamishia hapo sensa ya kulia tuone."

Fundi akamgeukia Mama. "Mama, huyu binti yako anabisha hivi hata kanisani?"

"Kanisani ndiyo zaidi."

Alihamisha, akinung'unika. Hitilafu ikabaki kushoto. Tukapima waya, ukawa mzima. Mwishowe akazungusha gurudumu kwa mkono huku nikimmulikia kwa simu, tukaiona: ile pete yenye meno, ambayo sensa huyahesabu ili ijue gurudumu linazunguka, ilikuwa imeliwa na kutu, imepasuka na kuhama mahali pake.

"Hii Kibondo huipati," alisema. "Labda Kasulu."

Kasulu ndiko tulikokuwa tunashindwa kwenda.

"Breki za kawaida zinafanya kazi," akaendelea. "Ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, matairi yatajifunga na gari litajiendea."

"Una uhakika?"

"Dada, wewe kuna kitu una uhakika nacho?" Kisha, kwa upole, "Nitoe balbu? Wengi hutoa. Taa haitawasumbua."

Nilikataa. Mama akatoa plasta mkobani, akaibandika juu ya taa. "Isituangalie," alisema. Sikuibandua.

Nilizijaribu breki kwanza kwenye changarawe nyuma ya gereji. Nilipokanyaga ghafla, gari liliteleza kiubavu kama ng'ombe anayevutwa kamba. Nilipokanyaga kidogo kidogo, lilisimama. Huo ndio ushahidi pekee niliokuwa nao, na juu yake niliwapakia mama yangu, mdogo wangu na mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa kuelekea mto Malagarasi. Mbele yetu lori la mihogo lilikuwa linashuka polepole. Niligusa breki, nyuma pakataka kuhama, nikaachia, nikagusa tena. Nilikuwa gia ya pili. Nikikimbia tutaanguka, nikichelewa uchungu utaanza. Nililigeuza hilo kila upande, sikuona mlango. Mama alikuwa anasali kwa Kirundi, sauti ya chini, "Mana yanje, Mana yanje," Mungu wangu, Mungu wangu. Kwa kawaida ningemuuliza Mama: Mungu anajuaje habari za pete ya gurudumu? Siku hiyo niliogopa asije akanyamaza.

"Vipi huko nyuma?" niliuliza.

"Salama," mdogo wangu akajibu. Kwenye kioo nilimwona ameuma pindo la kitenge. "Endesha hivyo hivyo, dada. Usiongeze."

Nilidhani anaogopa uendeshaji wangu. Nikaona aibu, nikazidi kupunguza mwendo.

Kabanga walimpokea, wakamwingiza ndani moja kwa moja. Mimi nilibaki kwenye usukani, injini imezimwa, mguu bado juu ya breki.

Mtoto alishaanza kutembea ndipo mdogo wangu, tukichambua maharage uani, aliponiambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye ungo. Uchungu ulikuwa umemwanza akiwa kwenye lile benchi, fundi akihamisha sensa. Alinyamaza kwa sababu alijua nikisikia, nitakanyaga mafuta.