Bolti Iliyokatikia Ndani

Nikipita mbele ya gereji na kunusa mafuta ya taa yaliyomwagwa juu ya chuma cha moto, hupunguza mwendo. Wengine harufu hiyo huwakumbusha taa ya utambi na masomo ya jioni. Mimi hunirudisha nyuma ya nyumba yetu, mtaani Ngezi, ambako baba alichuchumaa kwa majuma mbele ya pikipiki iliyokataa kufunguka, huku mama akichochea maharagwe na kujifanya hamwoni.

Niwaambie kwanza pikipiki ile ilitoka wapi. Ilikuwa ya baba mkubwa Ezekieli, yaya wa baba, yaani kaka yake mkubwa na wa pekee, aliyechimba dhahabu huko Nizi. Mambo yalipoanza kuchafuka aliileta kwetu Bunia, kwa sababu kwao mwenye pikipiki alikuwa anatafutwa na kila mwenye bunduki. Alimwambia baba, "Unichungie, nitakuya kuichukua," kisha akapanda lori akarudi kwa mke na watoto wake. Hatukumwona tena.

Vita vilipotufikia na sisi, majirani walizika masufuria na mashine za kushonea. Baba alizika pikipiki, kwenye migomba, imefungwa kwa turubai. Lakini kabla ya kuishusha shimoni alifanya jambo lililokuja kututesa. Alichukua spana akakaza kila bolti kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ili mwizi atakayeifukua asichomoe hata kipande. Baba alikuwa seremala, na kwa seremala kitu kilichokazwa ni kitu kilicho salama.

Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, watu walisema vita vimekwisha, ila walilisema hilo kwa sauti ya chini. Tulilala na nguo zetu. Mabegi yalikaa mlangoni, na mlango ukigongwa kwa nguvu hata paka wetu aliruka dirishani. Mama kwa miezi alipika ugali na mboga za haraka tu, chakula cha mtu anayeweza kuondoka wakati wowote. Siku alipobandika maharagwe tena, nilijua ameamua kwamba tutakuwepo mpaka yaive. Nilifurahi kuliko siku ya Noeli.

Baba yeye hakutulia. Alianza kutengeneza mlango wa mtu, akauacha nusu. Akaenda barabarani, akarudi, akauliza nani amepita. Hata akila alikula amesimama.

Ndipo Mama Rehema, jirani yetu aliyekuwa akileta ndizi sokoni kutoka pande za Nizi, alipoingia uani na habari, akimwita baba kwa jina langu.

"Papa Asifiwe, nimemuona yaya yako. Iko muzima! Alikuwa anapita pale kwenye mashimo ya zahabu."

Mama aliacha mwiko. "Ulimuona uso?"

"Uso hapana. Alikuwa mbele yangu. Nilimuona mugongo. Lakini ule mugongo ni ya Ezekieli, mi sikosee."

Jioni hiyo hiyo baba aliifukua pikipiki. Alisema hawezi kwenda mbele ya kaka yake mikono mitupu wakati aliachiwa kitu cha kutunza. Atafika juu ya pikipiki ile ile, ampe, waonane. Mama alisema barabara ya Nizi ina vizuizi vya watu ambao leo wanakusalimia na kesho hawakujui. Akasema mengine pia, ambayo nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu yalinitia hofu: "Hapa uko na watoto watatu. Kule uko na mugongo tu."

Nami, niseme ukweli, nilikuwa upande wa mama. Sikutaka baba aende. Kila usiku nilimwomba Mungu azishike bolti zile.

Na zilishika kweli. Ardhi ilikuwa imezila, na bomba la moshi lilijaa udongo na sisimizi, kwa hiyo lilipaswa kutolewa kabla ya kazi nyingine yoyote. Baba alizimwagia bolti zake mafuta ya taa, akangoja, akagonga kichwa cha bolti taratibu kwa nyundo ya mbao, akavuta spana. Chuma hakikujali. Alikuwa amezoea ubao, ambao ukiubembeleza hukuonyesha njia yake. Alisema na bolti zile kama anavyosemeshwa mbuzi mkaidi, na mimi na mdogo wangu Baraka tulicheka mpaka tukafukuzwa. Moja ililegea kwa mlio uliotutia ganzi ya meno. Ya pili ikazunguka kidogo, ikalainika kama sabuni, na kichwa chake kikabaki ndani ya spana. Mwili wake ulibaki ndani ya injini, ncha yake tu ikichungulia nje, fupi kama kidole cha mtoto mchanga.

Baba alikaa chini. Baadaye alikifungua kichwa chote cha injini, kile kipande cha juu chenye bolti iliyokatika, akakibeba mpaka jikoni. Alikuwa ameambiwa kwamba moto ndio unaoachanisha chuma na kile kilichokishika.

"Mama Asifiwe, nisaidie makala," alisema, akionyesha makaa yaliyokuwa chini ya sufuria.

"Hapa tunapikiaka maharagi," mama alisema bila kugeuka. "Hatupikiake chuma."

Ikawa hivyo siku nyingi. Asubuhi baba alikishika kile kichwa, akakigonga mara mbili tatu, akakiweka chini, akaenda barabarani. Akarudi, akakigonga tena. Nilidhani ni haraka inayomsumbua.

Kisha, mchana mmoja, kitu kililipuka upande wa soko. Hakuna aliyeuliza. Mtaa mzima ulitoka mbio kuelekea uwanja wa ndege, walikokaa wanajeshi wa kulinda amani. Mama alikuwa na mdogo wetu wa mwisho mgongoni na furushi kichwani. Mimi nilibeba sufuria na kumshika Baraka mkono. Baba alitufikia njiani kifua wazi, akihema, amekumbatia kitu alichokifunga kwa shati lake. Baraka alimwona, akaniachia, akamwinulia mikono abebwe. Baba akasimama. Akamtazama mtoto, akatazama mikono yake, na mikono ilikuwa imejaa. Kile kitu kilikuwa kichwa cha injini.

Mama alimnyakua Baraka, tukaendelea kukimbia.

Kumbe lilikuwa gurudumu la lori lililopasuka. Habari ilitufikia tukiwa bado njiani, na watu wakaanza kucheka kicheko kile cha kutetemeka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake alichokimbia nacho. Mmoja alikuwa na ufagio. Baba ndiye aliyechekwa zaidi. Mama hakucheka. Alitembea mbele yetu hadi nyumbani bila kugeuka, na nilimwogopa kuliko ule mlio.

Tulipofika, maharagwe yalikuwa bado jikoni, hayajaiva hata nusu. Mama akayaepua.

"Lete ile kichwa," alisema.

Baba akabaki amesimama mlangoni.

"Lete, nimesema. Makala iko tayari."

Kichwa kile kilikuwa cha aluminiamu, jamaa wa sufuria, na kilipata moto upesi. Baba alitoa kipande cha mshumaa alichokuwa akipaka skrubu ili ziingie kwenye mbao ngumu, akakigusisha pale ncha ilipotokea. Nta iliyeyuka, ikatoa moshi, ikanywewa ndani. Alifanya hivyo tena na tena. Kisha akaibana ncha kwa koleo na, kwa mshangao wangu, akaizungusha kwanza kwa upande wa kukaza, kidogo sana, ndipo akairudisha. Kukaza kidogo, kulegeza kidogo. Kitu kikalia ndani. Baba alitoa jasho, mama akapepea makaa hadi kipande kile kilipotoka chote, cheusi, chenye nta.

Nilipiga makofi, nikisahau maombi yangu yote. Baba hakufurahi. Alikitazama kwenye koleo. "Basi," alisema, taratibu. Usiku ule tulikula maharagwe magumu kama changarawe na hakuna aliyelalamika.

Kijana mmoja wa gereji alimsaidia kumalizia yaliyobaki. Baba aliondoka asubuhi yenye ukungu, na mama alisimama barabarani mpaka mlio ulipokwisha, kisha akaendelea kusimama.

Alirudi baada ya siku kadhaa, ameshushwa barabarani na lori la viazi, akaingia uani kwa miguu yake miwili. Mama hakumwuliza chochote ila kama amekula. Ni mimi niliyeuliza pikipiki iko wapi.

"Nimemupa mutoto yake mukubwa," baba alisema. "Amekuwa mutu muzima. Anaiendesha muzuri."

"Na ule mugongo?" nikamwuliza.

"Ilikuwa ya mutu mwingine."

Baba mkubwa alikuwa amekufa zamani, tangu vita vilipoanza kuwaka huko kwao, na kaburi lake lilikuwa limeshaota majani. Baba alilia mbele yetu bila kujificha. Kisha akalala, akalala mpaka jua la siku ya pili likawa juu ya paa, na mama akatukataza hata kufungua mlango.

Kwa miaka mingi nilihadithia kisa hiki kama kisa cha baba aliyekuwa na haraka ya kwenda na mama aliyemzuia. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipomwuliza mama kwa nini siku ile alibadili mawazo, iwapo alianza kuamini kwamba baba mkubwa ni mzima.

"Nani aliamini?" alisema. "Baba yako mwenyewe hakuamini. Weye hukuona namna alikuwa anapiga ile bulo yenye ilikatika? Polepole, kama mutu anapiga mulango na hataki wafungue. Ningemuacha, angepiga vile mpaka leo."