Njia Mbili za Bimdogo

Mgeni akisimama Mkunya, ukingoni mwa mlima, akatazama bondeni, huona mteremko mmoja tu, akapiga picha, akaenda zake. Bimdogo angemcheka. Ameshuka huko miaka arobaini kufuata maji, na sisi watoto wa jirani alitufundisha kwa makofi kwamba njia ni mbili, genge na korongo. Genge ni ukuta wa mlima uliochongwa vidato, upana wa mguu mmoja. Wawili hawapiti sambamba, ila halimsaliti mtu. Korongo limechimbwa na maji. Ni pana, lina kivuli, linakudekeza, lakini mvua ikinyesha Newala huko juu, hata kama wewe jua linakuwakia utosini, maji yatarudi kudai njia yao.

Machi iliyopita bintiye, Shamila, mja mzito wa miezi minane, alishikwa na uchungu bondeni tulikokuwa tukipalilia mpunga. Damu ilimtoka nyingi. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, tukakibeba wanaume wanne, Bimdogo akitangulia. Gari la wagonjwa lilikwisha fika juu. Honi yake tuliisikia.

Tulipofika korongoni, maji mekundu yalikuwa yakiteremka na magogo.

"Tupite genge," nikasema, mjinga mimi.

"Kitanda kitapita wapi, Hamudi?" Bimdogo aliniuliza. "Niambie, baba, kitapita wapi?"

Kumbeba mgongoni tulijaribu. Kila tulipomwinua, damu ilizidi. Mwanamke aliyetufundisha njia zote mbili alikaa kwenye matope, akamshika bintiye mkono. Honi ikalia tena. Nilimchukia yule dereva, nikayachukia maji, nikajichukia na mabega yangu.

Mtoto alizaliwa pale pale, adhuhuri, wa kike, akilia kwa hasira. Shamila alimtazama, kisha akauliza kama maji yamepungua.

"Yanapungua, mwanangu," mama yake akasema.

Hayakuwa yamepungua hata kidogo. Shamila hakuuliza tena.

Bimdogo alimfumba macho. Akamfunga mjukuu kifuani kwa kanga, akapanda genge kidato kwa kidato, kama alivyopanda zamani na Shamila mchanga. Genge lina nafasi ya mtu na kichanga chake, basi.

Kesho yake korongo lilikuwa limekauka. Tulimpandisha Shamila kwenye jeneza, watu wanne, njia pana, kivuli tele, wala hatukuwa na haraka.