Mulango wa Consolée

Kuko neno inanisumbua, mimi mutu muzee. Mujukuu wangu Gaëlle anasema: "Koko, andika, itakutoka mu roho." Masomo yangu iliishia mwaka wa pili, maandiko inapinda. Asinicheke mutu.

Kuko magazini, maduka za zamani hapa Masisi, zile wazungu walijenga na matao mbele. Chini ya barza yao niliuza maharagi miaka makumi tatu. Consolée wa Kirolirwe aliuza fromaji ya maziwa ya ng'ombe kando yangu, tulikula sahani moja. Vita ikaja, akakimbia.

Mwaka jana Papa Mbusa, mufanyabiashara wa Butembo, akaanza kutengeneza zile magazini. Matao hakugusa, ndani akaweka karo chini na vitrini za kioo za kuonyesha vitu. Akasema kila mama aliyeuza pale atapewa mulango wake, ni kusema duka moja, wageni wapate nyuma. Karatasi ya kuonyesha nani aliuza wapi hakuna, basi akaniuliza mimi, sababu mimi njo muzee kuliko wote.

"Mulango wa tatu ni wa nani, Mama Kasika?"

"Wa Consolée."

"Na yeye iko wapi?"

Nilijua iko Shasha, anauza sambaza, samaki zile ndogo za ziwa. Lakini nilitazama ile vitrini, nikaona mu mawazo viatu Gaëlle anauza vimepangwa ndani.

"Alikufa," nikasema.

Wamama wakapiga kilio. Sophie, muuza ndizi, akapitisha kitunga ya sadaka, tukamuombea misa. Mulango akapewa Gaëlle.

Juma ya Pasaka, Consolée akashuka kwa pikipiki. Sophie akaruka: "Yesu! Si tulikuombea misa!"

Consolée akacheka. "Kumbe nilifufuka bila kuambiwa! Nani aliniua?"

 Wote wakanitazama. Akaona na viatu mu vitrini, kicheko ikakatika.

"Dada Kasika, na wewe ulilia?"

Sophie akajibu mahali pangu: "Kuliko siye wote."

Consolée akapanda pikipiki tena.

Kesho yake nilisimama kwa barza, nikasema mbele ya wote: nilidanganya. Gaëlle akatoa viatu vyake, analia. Papa Mbusa akasema: "Mama, mwenyewe asipofika mbele ya mwezi kuisha, muuza simu wa Goma ataingia."

Nilituma watu mara tatu. Anajibu: "Wafu hawauzi."

Mimi magoti imekufa, Shasha siwezi. Wewe unayesoma hii, ukipita njia ya Sake na Minova, simama Shasha, uliza Consolée mwenye sambaza. Usimwambie niko mugonjwa, sitaki huruma yake. Mwambie Kasika amekubali kosa mbele ya watu, na mulango wake uko wazi mupaka mwisho wa mwezi. Akikataa, kaa pale, musumbue. Usirudi bila yeye.