Kitambaa Juu ya Chaja

Pikipiki yangu ni ya umeme, na ghorofa ya juu tunamokaa mimi na mjomba, hapa Mji wa Kale, haina soketi ninayoiamini. Vituo vya kubadilisha betri vipo, lakini betri yangu ni ya aina nyingine, haiingii kwenye makabati yao. Kwa hiyo nachaji kwa jirani wa chini, bibi mjane anayeuza kachiri na viazi karai. Asubuhi nampeleka Marikiti kununua viazi. Adhuhuri, abiria wanapopungua, naingiza betri sebuleni kwake, kisha naenda msikitini, nakula, napumzika. Hatujawahi kukaa tukapatana malipo. Siku moja alinikuta ngazini nimeikumbatia betri, nahema, akasema, "Lete hapa, mwanangu, ngazi hizi zitakuua." Ikawa ndiyo desturi.

Sikusomea umeme. Ninayoyajua nimeyaokota kwenye simu, na kwa mtu wa tabia yangu kujua nusu ni adhabu. Najua betri ikizidi joto inaweza kufanya nini. Najua dari ya bibi ni boriti za mikoko, kavu, za tangu babu zake. Najua chaja inataka hewa. Niliiweka juu ya sinia la bati, mbali na ukuta, feni yake ikitazama dirisha. Nikaisogeza. Nikairudisha. Nikaigusa kwa kiganja, nikaondoka, nikarudi kuigusa tena.

Baada ya alasiri nikaikuta imefunikwa.

Kwa bibi kila kitu kina kitambaa chake: redio, jagi la maji, jokofu. Anavifuma mwenyewe, vyeupe, na maua pembeni. Kitu cha heshima hakiachwi uchi sebuleni, na chaja yangu ilikuwa mgeni wake. Nilikivua, nikakikunja vizuri, nikakiweka kando. Siku ya pili yake kilirudi. Nikakivua. Kikarudi tena, safari hii kimepigwa pasi.

Lilihitajika neno moja tu. Nililifanyia mazoezi barabarani, abiria wa Tononoka amekaa nyuma yangu, na kila nilivyolipanga lilitoka vibaya: mara amri, mara lawama. Mtu amekufungulia mlango, nawe umfundishe kupanga sebule yake? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ile ya kweli ilikuwa chini yake: niliogopa kwamba akiijua hatari atanikatalia soketi. Kwengine sina, na bila soketi ile sina kazi. Basi nikawa nakivua kitambaa kila nikirudi, na kila nikitoka namwomba Mungu.

Alasiri moja, narudi kutoka msikitini, nikanusa plastiki inayoungua. Nilikimbia, kandambili moja ikabaki uchochoroni. Kitambaa kilikuwa kimeungua katikati. Chaja haikushikika. Plagi ilikuwa kahawia, na ukutani, juu ya soketi, palikuwa na doa jeusi lililoanza kupanda. Nilizima, nikachomoa, nikaitoa betri nje. Bibi alikuwa jikoni na karai lake la mafuta. Hakusikia harufu nyingine yoyote.

"Mbona uso umeparama hivyo? Umegonga mtu?"

"Bibi, kitambaa…"

Akakichukua, akapitisha kidole kwenye tundu. Maneno yangu yote ya barabarani yalinitoroka. Nikamwambia kwa mkupuo: joto, hewa, boriti, na kwamba nilijua tangu mwanzo.

"Tangu mwanzo?"

"Naam, bibi."

"Nami ukikivua nasema, kijana huyu mchaguzi, kama anayetafuta mke! Labda hakitaki kwa kuwa kina mikunjo. Nikakipiga pasi." Alicheka. Kisha akainua macho kwenye boriti, na kicheko kikakatika. "Mimi nalala humu, mwanangu."

Nilitarajia anifukuze, nadhani ningepata nafuu. Fundi alibadilisha soketi, plagi na waya, akasema chaja imeponea chupuchupu, sasa hakuna neno. Bibi akaniita toka dirishani: "Lete betri yako, viazi vya kesho vitakuja vyenyewe?"

Sasa siondoki. Naswali hapo hapo sebuleni, nakula hapo hapo, kiganja changu hakikai mbali na chaja. Ananiambia nipande nikalale, yeye ataangalia. Nakataa. Zamani, saa kama hizo, yeye ndiye aliyelala. Nikirudi kuchukua betri nilikuwa nikimsikia akikoroma nyuma ya pazia. Halali tena. Anakaa kwenye kiti chake, sindano ya kufumia imetulia mapajani, na kila chaja ikitoa sauti anatazama juu.

Jana nilimwambia nitatafuta mahali pengine. Aliinuka polepole, akaelekea ukutani.

"Hewa inatosha?" akauliza. "Au nikifungue na hiki kidirisha cha pili?"